Kubadilisha Mkono wa Gia Kwenye Gari la Kujiundia: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mkono mpya mfupi umefungwa, umependeza, halafu gia ya pili inakwaruza, ya tatu inachomoka ukikanyaga mafuta, au rivasi imegoma kabisa. Mwenye gari anaulaumu mkono. Mara nyingi mkono hauna kosa. Kilichokosewa ni vizuizi vya mwendo (bolti zinazozuia mkono usipite kiasi), tundu la handaki (tuta la sakafu linalofunika giaboksi), mfuko wa ngozi unaobana, au klachi iliyokuwa mbovu tangu awali.

Maelezo haya yanahusu gari ambalo giaboksi imelala kwa urefu nyuma ya injini na mkono unasimama moja kwa moja juu yake, kama ilivyo kwa giaboksi za Mazda MX-5, Ford Type 9 na Tremec T-5. Wenye injini ya kati na mkono wa kebo wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua nati yoyote

- Mkono mpya kamili, pamoja na bushi zake, springi na gasketi
- Bushi ya chini, yaani kikombe cha plastiki kinachoshika ncha ya mkono, hata kama ya zamani inaonekana nzima
- Buti mpya ya mpira ya kuziba sehemu ya chini
- Silikoni ya gasketi inayostahimili mafuta
- Oili ya giaboksi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha giaboksi yako
- Girisi nyeupe ya lithiamu kwa sehemu za plastiki na chuma, na girisi ya silikoni kwa mpira
- Gundi ya kufunga nyuzi za bolti, ya nguvu ya kati
- Soketi, spana za mchanganyiko, tokirenchi inayosoma hadi chini ya Nm 10, koleo la klipu za duara
- Fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), kalipa, rula ya chuma, tepu ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika
- Jeki, stendi nne, vizuizi vya matairi
- Vitambaa safi visivyotoa nyuzi, dawa ya kusafishia breki, kikwaruzo cha plastiki
- Miwani, glavu, na barakoa ya vumbi kama handaki lako ni la faiba

Oili isichaguliwe kwa mazoea. Tremec T-5 za toleo linaloitwa World Class hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, wakati giaboksi nyingi nyingine zinataka 75W-90 ya daraja la GL-4. Ukimimina GL-5 kwenye giaboksi iliyoagizwa GL-4, kemikali zilizomo zinaweza kula shaba ya sinkronaiza (ringi zinazosawazisha mzunguko wa gia kabla haijaingia), nawe utaendelea kuulaumu mkono.

## Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Mkono wa gia ni wenzo. Una egemeo, una sehemu ndefu juu yake na fupi chini yake. Gawanya urefu wa juu kwa urefu wa chini na utapata uwiano.

Chukua mkono wenye milimita 250 juu ya egemeo na 50 chini. Uwiano ni 5 kwa 1. Kama fimbo ya ndani ya giaboksi inahitaji kusogea milimita 10 kutoka nyutro hadi gia, kirungu, yaani kichwa cha kushika kilicho juu ya mkono, kitasogea milimita 50. Sasa weka mkono ambao sehemu yake ya chini ni milimita 65. Uwiano unashuka hadi 3.85, na kirungu kinasogea takriban milimita 38. Mwendo umepungua kwa asilimia 23.

Punguzo hilo lina gharama. Kama mwanzo ulisukuma kirungu kwa nguvu ya nyutoni 40, fimbo ya ndani ilipata 200. Ili ipate 200 zile zile kwa mkono mpya, lazima usukume kwa 52. Sinkronaiza inahitaji nguvu ile ile na muda ule ule kusawazisha mzunguko. Haijui kwamba umenunua mkono mpya.

Kwa gari la barabarani, punguzo la asilimia 20 hadi 30 linatosha. Ukivuka 40 utaanza kupigana na gia ya pili kila asubuhi oili ikiwa baridi, na dereva anayepigana na gia huishia kuikwaruza.

Kukata mkono kwa juu nako kunapunguza mwendo. Milimita 250 zikiwa 200, uwiano unakuwa 4 kwa 1 bila kununua kitu. Tatizo ni kwamba kwenye gari la kujiundia dereva hukaa chini sana na handaki liko juu, kwa hiyo urefu wa kirungu huamuliwa na kiwiko kuliko hesabu. Kaa kwenye kiti, funga mkanda, shika usukani, kisha ushushe mkono wako unaoingizia gia bila kunyoosha bega. Pale kiganja kinapoangukia ndipo kirungu kinapotakiwa kuwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa si klachi

Washa injini ikiwa ya moto, iache kwenye mzunguko wa chini. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde kumi, kisha ingiza rivasi taratibu. Kwenye giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza, hivyo haifichi kitu. Ikikwaruza, klachi haiachii vizuri.

Dalili nyingine: gia zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma ikiwa inanguruma. Hiyo nayo ni klachi. Toa hewa kwenye mfumo wake au rekebisha kebo kwanza. Magari ya kujiundia yanasumbua sana hapa, kwa sababu pedali hutoka kwa mtengenezaji mmoja, silinda ya klachi kwa mwingine na giaboksi kwa wa tatu, na mwendo wa pedali huishia kutotosha.

Usiendelee mpaka rivasi iingie kimya.

## Hatua ya 2: Pima na weka kumbukumbu

Bandika tepu ya karatasi juu ya handaki, kandokando ya mkono. Ingiza kila gia na uweke alama ya kirungu kilipofika, kisha weka alama ya nyutro. Pima umbali kutoka nyutro hadi kila gia, na umbali kutoka kirungu hadi dashibodi ukiwa kwenye gia ya kwanza, ya tatu na ya tano.

Gia ikikataa kuingia injini imezimwa, usilazimishe. Meno ya ndani yamekutana ncha kwa ncha. Sukuma gari kidogo na ujaribu tena.

Piga picha za mkono kutoka pande nne. Kama mkono wa sasa umepindwa, andika umepindia wapi. Huenda mjenzi wa kwanza aliupinda ili usigonge dashibodi, na mkono mpya ulionyooka utaigonga.

## Hatua ya 3: Tayarisha gari

Weka gari mahali tambarare, toa waya hasi wa betri, inua gari juu ya stendi nne. Waya unatolewa kwa sababu ndani ya handaki hupita nyaya za taa ya rivasi, na wakati mwingine kebo kuu ya betri yenyewe. Kisha acha giaboksi kwenye nyutro na usiiguse tena mpaka mkono mpya uingie.

## Hatua ya 4: Toa mkono wa zamani

1. Toa kirungu, mfuko wa ngozi na kifuniko cha handaki.
2. Safisha uchafu wote kuzunguka kitako cha mkono kwa dawa na kitambaa, kabla ya kulegeza bolti hata moja. Mchanga ulioko pale ukidondoka ndani, unasagwa na gia.
3. Legeza bolti kwa mpangilio wa msalaba, robo mzunguko kila moja. Baadhi ya mikono inakaa juu ya springi iliyobanwa, na ukitoa bolti za upande mmoja kifuniko kinapinda.
4. Vuta mkono wima. Ukinata, gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Usichokonoe kwa bisibisi, utaacha mkwaruzo kwenye uso wa alumini na oili itapita hapo.
5. Ziba tundu kwa kitambaa kikubwa, si kidogo. Kitambaa kidogo hutumbukia.

Panga vipande mezani kwa mfuatano uleule vilivyotoka. Washa ya wimbi (ringi nyembamba ya chuma yenye mawimbi) na kikombe cha plastiki ndivyo vinavyopotea au kurudishwa kichwa chini.

Kwenye giaboksi ya MX-5 ya gia tano, mkono unakaa kwenye mnara wenye oili yake peke yake, takriban mililita 90. Wengi huukuta mkavu kwa sababu buti ya chini imepasuka. Nyonya mabaki yote kwa sirinji kabla ya kuweka oili mpya.

## Hatua ya 5: Kagua kilichobaki chini

Hapa pana faida kubwa kuliko mkono wenyewe, na pana gharama ndogo. Shika kikombe cha plastiki kilichotoka kwenye ncha ya mkono, kitazame kwenye mwanga. Kizima kina ukuta wa unene mmoja pande zote. Kilichochoka kina upande uliolika hadi kukaribia karatasi, mara nyingi na ufa mwembamba unaoonekana tu ukikibana kwa vidole viwili. Kila nusu milimita iliyolika pale chini, kwa uwiano wa 5 kwa 1, ni milimita mbili na nusu za ulegevu kwenye kirungu.

Kwa mwenye bajeti finyu: badilisha kikombe hiki na buti peke yake, endesha wiki moja, kisha uamue kama bado unautaka mkono mfupi.

Kuhusu bushi, plastiki ngumu ya asetali ndiyo chaguo zuri la barabarani. Shaba haichakai haraka, lakini inapitisha kila mtetemo hadi kiganjani, na kwenye gari lisilo na zulia utasikia giaboksi ikiimba safari nzima.

## Hatua ya 6: Funga mkono mpya, kwanza mkavu

Weka mkono bila silikoni. Funga bolti mbili kwa vidole, ingiza gia zote. Chungulia kwa tochi uone kama ncha ya chini inagusa ukuta wa ndani au inafika kwenye sakafu ya kikombe. Mkono mfupi una sehemu ndefu ya chini kuliko ule wa kiwandani, na mahali ilipoongezeka ndipo unapogonga. Ikigusa, usisage kitu. Thibitisha kwanza kwamba umeuziwa mkono wa toleo la giaboksi yako.

Ukiridhika, toa, safisha nyuso zote mbili zikauke kabisa, paka girisi nyeupe ndani ya kikombe na kwenye tufe la egemeo.

Kama mkono umekuja na gasketi, itumie bila silikoni. Kama haukuja nayo, chora mstari wa silikoni wa milimita 2, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti bila kukatika. Mstari mnene haufanyi kazi bora zaidi. Ziada inaminywa kuelekea ndani, inakatika, na inasafiri na oili.

Funga kwa msalaba: bolti za M6 Nm 8 hadi 10, za M8 Nm 18 hadi 22, isipokuwa kitabu chako kinasema vingine. Hizi ni nyuzi za alumini. Ukisikia bolti inalainika badala ya kukaza, simama. Uzi umeanza kung'oka, na dawa yake ni kupachika uzi wa chuma, si kuongeza nguvu.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, kwa kawaida saa 24, kabla ya kuendesha.

## Hatua ya 7: Rekebisha vizuizi vya mwendo

Mikono mingi mizuri ina bolti mbili zenye nati za kufungia, moja mbele na moja nyuma. Kazi yake ni kupokea nguvu ya kiganja chako gia ikishaingia, ili isiendelee kusukuma uma ulioko ndani, yaani kipande kinachosogeza gia. Watu wengi huziacha kama zilivyotoka kwenye boksi, na hapo ndipo gia zinapoanza kuchomoka.

1. Legeza vizuizi vyote viwili hadi viwe mbali kabisa na mkono.
2. Ingiza gia ya tatu. Sukuma hadi uhisi mwisho, kisha punguza nguvu, uushike tu usirudi.
3. Kaza kizuizi cha mbele kwa vidole mpaka kiguse mkono.
4. Kirudishe nusu mzunguko. Bolti ya M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, hivyo umeacha nafasi ya karibu milimita 0.6, ya M6 inakuachia 0.5. Hakikisha kwa fila geji.
5. Ingiza ya kwanza na ya tano, pima tena. Gia inayoingia ndani zaidi ndiyo inayoamua. Kama fila geji haipiti kwenye ya kwanza, rudisha kizuizi hadi ipite.
6. Rudia upande wa nyuma kwa kutumia gia ya nne, kisha kagua ya pili, pamoja na rivasi kama iko upande huo.
7. Paka gundi kwenye uzi, shika bolti isizunguke, kaza nati. Pima mara ya mwisho, kwani nati huvuta bolti kidogo inapokazwa.

Kizuizi kikibana mno, meno ya gia hayaingii yote. Gia inashika ukienda taratibu, inaruka ukikanyaga mafuta, na kila mruko unamega kona za meno. Kikiwa mbali mno hutagundua chochote kwa miezi, lakini uma unakunjwa kila siku.

Kama mtengenezaji wa mkono ametoa kipimo chake, fuata chake.

## Hatua ya 8: Tundu la handaki, buti na mfuko

Injini iliyokaa juu ya mpira huyumba, na mkono uliofungwa kwenye giaboksi huyumba nayo. Handaki haliyumbi. Ndiyo maana gia inayoingia vizuri gari likiwa limesimama inaweza kuchomoka ukiwa barabarani, mkono ukigonga ukingo wa tundu.

Egemeza ubao kwenye injini na uisukume kwa mkono kushoto na kulia huku mwenzako akiangalia mkono wa gia. Kisha ingiza kila gia na upime nafasi kati ya mkono na ukingo. Unataka angalau milimita 15 kila upande, katika kila gia.

Ukilazimika kupanua tundu la faiba, bandika tepu juu ya mstari wa kukata, vaa barakoa na miwani, kata kuanzia upande uliopakwa rangi ili rangi isipasuke. Handaki la alumini lipige tupa, kisha vika ukingo mpira. Vumbi la kazi hii lisikute giaboksi ikiwa wazi.

Buti ya chini ya mpira ifungwe kwa zipi tai au kibano juu na chini. Inazuia joto, kelele na harufu ya mafuta kupanda kwenye viti. Mpira upakwe girisi ya silikoni tu, kwani girisi ya kawaida huuvimbisha.

Sasa mfuko wa ngozi, ambao hakuna anayeushuku. Ingiza gia ya pili, weka rula kati ya dashibodi na kirungu, soma kipimo. Fungua mfuko bila kugusa kirungu, soma tena. Kikisogea hata milimita 2, mfuko unavuta mkono kurudi nyutro muda wote. Ngozi mpya ni ngumu, na mifuko mingi imeshonwa kwa mkono mrefu zaidi. Shusha shingo ya mfuko sentimita chache au ushone mwingine wenye mikunjo.

## Hatua ya 9: Kirungu

Kizito kidogo kinasaidia mkono kumaliza mwendo. Kwenye barabara ya mashimo, kizito sana juu ya mkono mrefu kinaweza kuivuta gia ichomoke. Hakikisha uzi wake unalingana na wa mkono. M10 na M12 ndizo za kawaida, lakini hatua ya uzi hutofautiana.

## Hatua ya 10: Jaribu

Jaza oili hadi itokee kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa. Rudisha betri. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote mara ishirini. Taa ya rivasi iwake kwenye rivasi tu.

Kama rivasi iko chini ya gia ya tano, vuta mkono kutoka ya tano moja kwa moja nyuma bila kufungua kizuizi cha rivasi. Lazima ukatae. Ukiingia, gari halitoki nje.

Shusha gari, endesha taratibu kilomita chache za kwanza, ukipanda na kushuka gia zote. Kwenye nyutro mkono urudi wenyewe kati ya ya tatu na ya nne, kwa giaboksi zenye springi ya kati. Kwenye gia ya pili na ya tatu, kanyaga mafuta kisha achia ghafla. Mkono uchezecheze kidogo tu, usiruke. Baada ya kilomita 20 kagua bolti na uvujaji.

## Kwa wenye kebo

Kanuni ni ile ile, ila uwiano unabadilishwa pia kwenye mkono mdogo ulioko juu ya giaboksi. Ukiufupisha kutoka milimita 70 hadi 55, mwendo wa kirungu unapungua kwa asilimia 21. Lakini kebo nayo inasafiri kidogo zaidi ya robo tatu ya ilivyokuwa, hivyo ulegevu wowote kwenye vichwa vya kebo unaonekana mkubwa zaidi. Badilisha vichwa kwanza.

Pitisha kebo kwa kona pana, mbali na ekzosi au nyuma ya kinga ya joto. Rekebisha urefu wake giaboksi na kirungu vyote vikiwa nyutro, na usiunganishe kichwa kwa kulazimisha: kikihitaji kuvutwa ili kiingie, urefu bado si sahihi.

## Dalili na pa kuangalia

Gia zinazoingia kwa kusukuma mkono mbele (ya kwanza, ya tatu, ya tano) zinachomoka, zinazoingia kwa kuvuta nyuma hazichomoki: kizuizi cha mbele kimebana, au mkono unagusa dashibodi au ukingo wa tundu.

Gia moja tu inachomoka: ikiwa ilichomoka hata kwa mkono wa zamani, ni meno au uma ndani ya giaboksi. Mkono mfupi hautaponya.

Ya pili inakwaruza ikiwa baridi, inapona ikiwa moto: oili nzito au isiyo sahihi, au punguzo kubwa mno. Sukuma mkono hadi uhisi kizuio, subiri kidogo, kisha umalizie.

Mkono unalia kwenye mzunguko fulani wa injini: washa ya wimbi imesahaulika au imegeuzwa. Fungua tena na ulinganishe na picha zako.

Oili inaonekana juu ya giaboksi: futa, endesha kilomita 10, tazama tena. Ikitoka kwenye kitako, silikoni ilikatika mahali. Ikitoka juu ya buti, buti imekaa vibaya au mnara umejazwa kupita kiasi.